Mkojo wa Pili

Mama yangu ana magoti mabovu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimeficha kitu. Yanamuuma wakati wa mvua, yanamuuma wakati wa kiangazi, na ukimuuliza anasema hayaumi, yamechoka tu. Anaishi Chole. Si ile Chole ya kisiwani, ni hii ya Kisarawe, isiyo na bahari, ingawa kila nikiitaja hapa Kibaha hakosi mtu wa kuniagiza samaki. Nimeshaacha kuwasahihisha. Nasema samaki hawajaingia.

Mimi nakaa Misugusugu, hapa hapa Kibaha, kando ya barabara kuu. Nina cherehani ya miguu barazani, nashona sare za shule na madera, na nimeikanyaga cherehani hiyo miaka thelathini na ushee. Magoti yangu nayo yanalia, lakini nilikuwa nikisema ni kiuno. Miaka miwili mfululizo nimeswali nikiwa nimekaa kwenye kiti kwa sababu ya hicho kiuno. Mama, aliyenizaa, anaswali chini.

Mwaka juzi alianguka akitoka chooni. Choo chake kipo nyuma ya nyumba, ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa si kazi, kazi ni kuinuka. Aliinuka, goti likagoma, akaenda chini. Alikaa pale chini tangu jua la asubuhi mpaka jirani alipopita adhuhuri kuomba chumvi. Mimi niliambiwa siku ya tatu, kwa simu, tena baada ya kuelezwa kwanza habari za kuku aliyechukuliwa na mwewe. Nilikuwa nakata shati la mtoto wa darasa la kwanza. Nililia pale pale mezani, na mkono wa shati nikaukata vibaya. Tangu siku hiyo nikimpigia simu asipokee, napiga tena na tena. Naogopa. Mtu asiniambie nimtegemee Mungu. Namtegemea, na bado naogopa.

Tukakaa kikao huko huko Chole, mimi, Mama, na kaka yangu mkubwa anayelima Dutumi. Nikasema Mama ahamie kwangu. Chumba kipo, choo cha kukaa kipo, umeme upo, hospitali si mbali. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mikorosho yake itakaa chumba gani. Kaburi la baba lipo pale, hatua chache kutoka jikoni. Jembe lake lipo pale. Akasema kwangu atakaa kwenye kochi akitazama ukuta, na watu wa kukaa kwenye kochi wakitazama ukuta yeye ameshawazika wengi. Kaka akasema pande zote mbili zina hoja. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache hayasaidii.

Aliyetukwamua ni binti yangu. Yeye ni mtu wa maabara, anafanya kazi hapa Kibaha na watafiti wanaofuatilia magoti ya wazee. Alitueleza kwamba goti linaposagika, ile gegedu, kile kitu cheupe unachokitafuna kwenye kiungo cha kuku, inamomonyoka vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vingine vinaingia kwenye damu, vingine vinatoka na mkojo. Ukivipima leo, ukavipima tena mwakani, unaweza kukisia goti linaisha kwa kasi gani, hata kabla picha ya eksirei haijaonyesha tofauti. Hivyo ndivyo viashiria wanavyovichunguza. Alilisisitiza neno kukisia. Mimi nilisikia neno kupima.

Nikasema basi, vipimo viamue. Kama magoti ya Mama yanaisha haraka, anahama. Kama hayaishi haraka, anabaki Chole mpaka atakapotaka mwenyewe. Kaka alikubali upesi, kwa sababu hakutakiwa kuamua chochote. Mama alikuwa akipepeta choroko. Alipepeta mpaka ungo ukabaki na choroko tupu, ndipo akasema maneno ambayo siku ile niliyaona ya kawaida kabisa.

"Atakayeonekana anasagika ndiye atakayehama," alisema. "Mimi nimekubali. Na nyinyi mkubali."

Tukakubali kwa sauti, mmoja mmoja. Kaka akaomba dua, nasi tukaitikia amina.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, ukiondoa dodoso. Mama alikuja Kibaha, na mtafiti mmoja wa makamo, mtu mwenye adabu zake, akamuuliza maswali ambayo sijui yalitungwa kwa ajili ya nani. Je, anapata shida kuvaa soksi? Mama akauliza soksi za nini. Je, anapata shida kuingia na kutoka kwenye beseni la kuogea? Mama akajibu kwamba beseni lake halimtoshi hata mguu, kwa hiyo hajawahi kuingia. Kushuka ngazi? Chole hakuna ngazi. Maumivu yake, kuanzia sifuri mpaka kumi, ni mangapi? Mama akasema hajayahesabu, akamuuliza na yeye kama mgongo haumsumbui, kwa jinsi alivyojikunja kwenye hicho kiti. Mtafiti akaandika nne.

Kulikuwa pia na kutembea kwenye ukumbi wa hospitali huku saa inahesabu. Alitakiwa aende mpaka mwisho na kurudi, mwendo wake wa kawaida. Sasa Mama ni mtu mzima, na watu waliokaa kwenye mabenchi walikuwa na malezi. Kila aliyepishana naye alisema shikamoo, na kila shikamoo Mama aliisimamia, akaitikia marahaba, akauliza mgonjwa ni nani na ameanza lini. Saa ilihesabu tu. Kwa karatasi ile, mama yangu alikuwa mtu asiyeweza kutembea. Wakarudia, ikawa vile vile. Mara ya tatu binti yangu alipita kwanza akawaomba watu wasimsalimie bibi. Mama alitembea haraka sana, amekunja uso, na tulipotoka nje akaniambia kwamba watu wa Kibaha wameharibika.

Mkojo ulikuwa jambo lingine. Huo ulitakiwa uchukuliwe asubuhi kabla hajala, na Mama alikataa katakata kulala Kibaha hata siku moja. Alijua akilala siku moja atakuta nguo zake zimeshapangwa kabatini. Kwa hiyo binti yangu alimfuata Chole. Yeye na bibi yake wana utani wao, wanaitana mke mwenza, na hakuna wasichoambiana. Alilala huko, asubuhi akachukua alichokifuata, wakacheka walivyocheka, akarudi.

Mwaka uliofuata, damu ikachukuliwa tena. Kaka alimleta Mama Kibaha asubuhi, akamrudisha siku hiyo hiyo. Ukabaki mkojo. Binti yangu alikuwa na zamu wiki nzima, nikatumwa mimi. Alinipa vichupa viwili, kimoja cha akiba, lebo moja yenye namba ya Mama, na deli lenye barafu. Akanieleza vizuri. Mkojo wa kwanza wa kuamkia hautakiwi, unamwagwa. Unaotakiwa ni wa pili. Bibi anaamka kabla ya adhana, kwa hiyo wa pili utakuwa wakati watu wanaelekea shambani. Ajaze mpaka kwenye mstari. Akasema nisihangaike, nimwambie tu.

Nimwambie tu! Huyu mtoto nimemzaa mimi, lakini kakulia barabarani, wapi na wapi. Kwetu mambo ya mwili hayatoki kwa mama kwenda kwa binti yakiwa uchi, wala kwa binti kwenda kwa mama. Yana mtu wake wa kuyabeba. Nilipovunja ungo, Mama hakunitamkia neno. Alimwita somo yangu, mimi nikapelekwa huko, nikafundwa, nikarudi, na Mama akanipokea kana kwamba nilikwenda kisimani. Miaka hamsini na sita niliyoishi, mimi na mama yangu hatujawahi kutaja haja ndogo kwa jina lake. Na somo yangu alishatangulia mbele ya haki.

Nilifika Chole jioni nikiwa na sukari na mkongojo. Ulikuwa mkongojo mzuri, wa mninga, una mpira chini. Mama alikuja kunipokea barabarani. Nikamtangulia kwenye njia ya kwenda nyumbani, nikimwonyesha pa kukanyaga. Polepole Mama, hapa pana shimo. Polepole, hapa pana mzizi. Njia ile ameipita tangu aolewe. Alinishukuru sana kwa mkongojo, akaenda nao nyuma ya nyumba akauangulia papai, kisha akautundika kwenye boriti.

Alfajiri tuliswali pamoja. Kwake hakuna kiti, kuna kigoda, nami sikutaka kuulizwa maswali, kwa hiyo niliswali chini. Kusujudu nilisujudu. Kuinuka niliinuka kwa msaada wa ukuta. Nilipotoa salamu nikamkuta Mama ameshamaliza, ametulia na tasbihi yake, ananitazama. Akaniuliza kiuno hakijambo? Nikamwambia hakijambo.

Kulipopambazuka nikaanza kazi niliyotumwa. Nilimwambia mjukuu wake ametuma kichupa. Akasema anakiona. Nikamwambia ile ya mwanzo haitakiwi. Akauliza ya mwanzo ipi. Nikasema ile ya kuamkia. Akauliza ya kuamkia nini, na uso wake ulikuwa umetulia tu, mpaka leo sijui kama alikuwa hajui au alikuwa ananikomesha. Nikaona maneno yamenishinda, njia iliyobaki ni kumwonyesha. Nikachukua kichupa kimoja, nikaingia kwenye bafu la makuti, nikakijaza mpaka kwenye mstari, nikatoka nacho, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Na mimi wangu ulikuwa wa pili, na nilikuwa sijala. Kama ni mfano, ulikuwa mfano kamili.

Mama akautazama mstari, akakitazama kichupa, akanitazama mimi. Akasema ameelewa. Nikamwachia kichupa kitupu, changu nikakiweka juu ya tofali mle bafuni nije nikimwage baadaye. Nikaenda kuwasha moto wa chai, uso nimeuelekeza kwenye mikorosho, kwa heshima.

Alichukua muda. Alipotoka alikuwa na kichupa kimoja kimejaa, mfuniko umekazwa, kimefutwa kwa pindo la kanga. Kile kingine kilikuwa kitupu, amekisuuza. Akaniambia changu ameshanimwagia. Nikamshukuru, maana ameniondolea udhia. Nikaibandika lebo mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikainyoosha isiwe na kipele.

Safari ya kurudi nilikwenda kwa bodaboda mpaka Maneromango, kutoka hapo nikasubiri gari la Mlandizi. Ukikaa kando ya barabara na deli mapajani, watu wanajua unauza barafu. Dada mmoja akaja akitaka za ukwaju. Nikamwambia zimeisha. Akasema deli zito hivyo zimeishaje, nifungue basi aone. Nikamwambia dada, zimeisha. Aliondoka akisema nina roho mbaya. Nililipeleka deli maabara kabla ya saa sita, barafu ikiwa bado nzima.

Zilipita wiki kadhaa. Utafiti wenyewe haugawi majibu ovyo, lakini mshiriki akiomba anaelezwa na daktari. Mama akaniruhusu kwa simu, nikaenda. Daktari, mwanamke mpole, aliniambia mkojo umepanda, vile vipande ni vingi sana kuliko vya mwaka uliopita. Damu, kwa upande wake, haijabadilika, na kutembea ni kule kule. Akasema vitu hivi havielewani, na kipimo chenyewe bado kiko kwenye uchunguzi, kwa hiyo asihamishwe mtu kwa sababu ya kichupa kimoja. Ataagiza mkojo uchukuliwe upya. Niliitikia vizuri kila alichosema. Nilipofika nyumbani nikamwita fundi rangi.

Sikufurahi, nataka ieleweke. Nilikaa kwenye kitanda cha kile chumba nikalia, kwa sababu mama yangu alikuwa anasagika kidogo kidogo, na ushahidi niliubeba mimi mwenyewe mapajani. Lakini pia nilipumua. Hofu yangu sasa ilikuwa na karatasi. Fundi akapaka chumba kijani hafifu. Chooni nikaweka kiti kirefu zaidi, pembeni nikafungisha vyuma viwili vya kushikilia. Nilivijaribu mwenyewe asubuhi na jioni, nikaona vinafaa. Ikawa kila nikienda navishika, ili kuhakikisha havijalegea.

Binti yangu alipomaliza zamu alikwenda Chole, akalala, akachukua mkojo yeye mwenyewe. Majibu yake yakatoka, na yalikuwa yale yale ya mwaka uliopita. Magoti mabovu, ndiyo, lakini hayana haraka. Nikasema maabara wamekosea. Binti yangu, ambaye ndiye maabara, alizikunja karatasi zake akazirudisha mkobani.

Nikampigia Mama. Nilimweleza majibu ya kwanza tu, yale ya kichupa nilichobeba. Hayo ya pili niliyaacha, nikijiambia kwamba hayajathibitishwa. Mama akaniuliza ni kile kichupa nilichoondoka nacho mimi? Nikasema ndicho. Umepanda kweli? Nikasema umepanda sana, Mama, kwa hiyo tukubali tu. Akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema twende Chole Jumapili, wote, na mjukuu wake aje na hizo karatasi.

Jumapili tulikaa kwenye jamvi sebuleni, mimi katikati. Mama alikuwa amepika bada ya muhogo na kisamvu cha nazi, na hakutaka neno lolote lisemwe kabla ya kula. Tulipokwisha kunawa, binti yangu akasoma karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili, kwa Kiswahili chepesi. Akasema hajui imekuwaje mtu mmoja awe na mikojo miwili isiyofanana kiasi hicho. Kaka akasema yote miwili ina hoja.

Mama alikuwa anamtazama mjukuu wake, si mimi.

"Ule wa kwanza si wangu, mke mwenzangu," alisema. "Ni wa mama yako."

Kaka akatazama boriti. Mama akaeleza yote, taratibu, bila kujitetea. Asubuhi ile alipoingia bafuni na kukikuta kichupa changu juu ya tofali, kimejaa mpaka mstarini, alikaa kwanza akafikiri. Yeye magoti yake anayajua. Alijua wakiyapima yatamtoa kwake, yatamtenga na mikorosho yake, yatamtenga na kaburi la mumewe. Na mimi ni mtoto wake wa mwisho, maji yangu yatakuwa mazuri, mtoto mdogo vile. Mtoto mdogo ndiye mimi. Basi akakipangusa changu, akatoka nacho. Chake hakukijaza kabisa. Alikisuuza tu ili nione kimelowa.

"Nilitaka kuazima afya yako," aliniambia. "Kumbe na wewe huna."

Hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi machozi ya mama yangu nimeyaona mara chache mno, siwezi kuyazoea. Akasema tangu siku ya ile simu chakula hakipiti. Alidhani ameidanganya hospitali, kumbe amemwagulia mwanawe ugonjwa. Na kwamba alipaswa kujua siku ile ile alfajiri, aliponiona nimeukumbatia ukuta.

Kisha akajifuta kwa kanga, akarudi kwenye hali yake. Akatukumbusha tulichokubaliana kwa sauti, mmoja mmoja, na dua ikaombwa. Atakayeonekana anasagika ndiye atakayehama. Chumba cha baba ameshakifagia. Cherehani itakaa dirishani, pana mwanga mzuri, na sare za shule hata Chole watoto wanavaa.

Nikakasirika. Nilikasirika kweli. Nikamwambia huo ni udanganyifu, watu wanafanya kazi yao ya kisayansi yeye anawachezea. Nikasema mimi nina wateja, nina nyumba, siwezi kuokotwa tu na kupelekwa kukaa mahali. Nikasema hata daktari mwenyewe amesema asihamishwe mtu kwa sababu ya kichupa kimoja. Hilo la mwisho nilisema kwa sauti kubwa. Binti yangu akanitazama, nami nikasikia nilichokisema.

Nikaona bora niondoke. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimekaa katikati ya jamvi, na ukuta ulikuwa mbali. Nikajaribu upande wa kulia. Nikajaribu upande wa kushoto. Goti lililia mpaka kaka akalisikia, na kaka sikio moja halisikii. Wote wakageukia bakuli la kisamvu, lililokuwa tupu. Mama ndiye aliyeinuka. Yeye anajua namna ya kuinuka na magoti mabovu, anaweka moja chini, anasubiri, anaweka mkono kwenye paja, ndipo la pili linakuja. Alisimama mbele yangu akaninyooshea mkono. Nilikaa kidogo nautazama ule mkono. Kisha nikaushika.

Sikuhamia Chole. Mama naye hakuhamia Misugusugu. Siku ile kaka yangu alizungumza sentensi nzima yenye maana, sijui ilitoka wapi. Alisema vile vyuma vya chooni kwangu vibaki, vingine viwili kama hivyo vinunuliwe, vifungwe kwenye choo cha Mama, na pale pa kuchuchumaa ajenge tofali mbili pawe pa kukaa. Akavifunga mwenyewe wiki iliyofuata. Mama alipinga siku moja, siku ya pili akavitumia. Jirani wa chumvi anapita kila asubuhi, iwe ana shida ya chumvi iwe hana. Mimi naandikwa kwenye daftari la watafiti sasa, nina namba yangu, na nilipoulizwa kuhusu soksi nilijibu bila utani. Eksirei niliyopigwa ilisema mambo ambayo sina haja ya kuyaandika hapa. Bado naogopa simu isipopokelewa. Ila siku hizi na yeye ananipigia, kila baada ya swala ya asubuhi, kuniuliza nimeinukaje.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile jioni tulitakiwa tuwahi gari. Binti yangu na kaka walitangulia barabarani na mizigo. Mama akaniambia nisubiri. Akaushusha mkongojo kutoka kwenye boriti, mpira wake bado una utomvu wa papai uliokauka, akaufuta kwa kanga, akanipa. Nilitaka kusema nimemnunulia yeye. Sikusema. Niliupokea nikauegemea, na nasikitika kusema kwamba ulinitosha kimo.

Akanisindikiza. Alitangulia yeye, polepole, goti lake na langu yakiitikiana nyuma na mbele, na kila baada ya hatua chache anageuka kuniangalia. Tulipofika karibu na mkorosho wa mwisho akasimama, akanishika kiwiko.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Hapa pana shimo."

Nikatazama chini. Lilikuwepo.